Mboga Juu ya Makaa: Ngao ya Afya kwa Askari Aliye Uwanjani

Katika mafunzo ya jeshi na ya polisi, jambo mojawapo ambalo kuruta hufundishwa tangu majuma yake ya mwanzo ni kuitunza bunduki: kuifuta vumbi, kuitia mafuta na kuichunguza kila sehemu yake, kwa maana silaha iliyotelekezwa humsaliti mwenyewe siku ya haja. Ni ajabu basi kwamba askari huyo huyo, ambaye halali kabla ya kuikagua bunduki yake, aweza kukaa majuma mengi katika doria akila chakula cha aina moja tu, asijiulize kama mwili wake umepata kila unachokihitaji. Makala hii yakusudia kueleza njia moja nyepesi, isiyohitaji sufuria wala mpishi, ya kuuimarisha mwili huo: kuchoma mboga na mazao mabichi ya shamba juu ya makaa, nje, penye hewa safi.

Posho na maharage, chakula ambacho kila askari wa Uganda amekizoea, ni chakula chema. Mahindi huleta nguvu, na maharage hujenga misuli. Lakini maharage makavu na unga wa mahindi meupe havina vitamini C, na vitamini A iliyomo ni haba mno. Anayekula vyakula hivyo viwili peke yake kwa miezi kadhaa ni kama nyumba iliyojengwa kwa matofali mazuri bila ya udongo wa kuyashikamanisha.

Historia yatufundisha

Mwaka 1747, daktari James Lind wa jeshi la maji la Uingereza aliwachukua mabaharia 12 waliokuwa wakiugua kiseyeye katika merikebu iitwayo Salisbury, akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa tiba yake. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wenzao wote. Hata hivyo ilipita karibu nusu karne, hadi 1795, ndipo jeshi hilo likaanza kuwapa mabaharia wake maji ya malimau kwa utaratibu. Katika miaka hiyo mabaharia wengi walipoteza meno, nguvu na maisha kwa kukosa kitu ambacho kila bustani inacho.

Wala somo hilo halikwisha pale. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, majeshi ya Uingereza na India yalizingirwa katika mji wa Kut, nchini Iraki, tangu tarehe 7 Desemba 1915 hadi yaliposalimu amri tarehe 29 Aprili 1916. Humo mjini kiseyeye kiliwaangusha askari wengi wa Kihindi, ambao wengi wao hawakula nyama ya farasi na hawakuwa na mboga mbichi. Adui alikuwa nje ya boma, lakini adui mwingine alikuwa ndani ya sahani.

Karibu na sisi, katika vita hivyo hivyo hapa Afrika Mashariki, wapagazi wa jeshi, wale ambao jina lao limebaki katika mitaa iitwayo Kariakoo, walikufa kwa maradhi zaidi kuliko kwa risasi. Miongoni mwa yaliyowadhuru ni unga wa mahindi usioiva vizuri, waliopewa watu ambao kwao walizoea ndizi. Twajifunza hapa mambo mawili pamoja: kwamba askari anahitaji chakula kibichi kutoka shambani, na kwamba chakula chochote, kikiwa kizuri namna gani, sharti kiive sawasawa.

Kwa nini kuchoma?

Vitamini C huyeyuka katika maji. Mboga ikitokoswa muda mrefu, kisha maji yake yakamwagwa, sehemu kubwa ya vitamini hiyo humwagwa pamoja nayo. Joto nalo huipunguza, kwa hiyo si kweli kusema kwamba kuchoma hakupotezi kitu. Lakini mboga iliyochomwa na ganda lake, kwa muda mfupi, haikukutana na maji. Kilichobaki ndani yake huliwa chote. Tena hapana chombo cha kuosha wala maji ya kubeba, na kila askari aliyetembea maili nyingi na mtungi mgongoni anajua thamani ya jambo hilo.

Yapo manufaa ya pili ambayo wengi hawayajui. Maharage yana madini ya chuma, ambayo damu huyahitaji, lakini mwili huyapokea kwa shida. Ukila pamoja na maharage hayo kitu chenye vitamini C, kama nyanya, pilipili hoho kubwa zisizowasha au kabichi, mwili hupokea chuma zaidi. Hivyo nyanya mbili zilizochomwa kwa dakika chache na kupondwa juu ya maharage si urembo wa sahani. Zaifanya sahani ile ile imfae askari zaidi.

Ama kuhusu macho, hakuna anayehitaji kuona usiku kuliko mlinzi aliye zamuni. Upungufu wa vitamini A huanza kwa kumnyima mtu uwezo wa kuona gizani. Hapa Uganda imetoa mchango ambao dunia imeutambua. Mtaalamu wa mbegu Robert Mwanga, Mganda, alishiriki katika kuzalisha aina za viazi vitamu ambavyo ndani vina rangi ya chungwa na wingi wa vitamini hiyo. Aina mbili kati ya hizo, Kabode na Vita, zilitolewa kwa wakulima mwaka 2007. Mwaka 2016 yeye na wenzake watatu, Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis, walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Kiazi kama hicho kikichomwa majivuni na kuliwa pamoja na simsim au karanga zilizosagwa, mafuta yake huusaidia mwili kuipokea vitamini A.

Makaa, si ndimi za moto

Kosa la watu wengi ni kuweka mboga juu ya moto unaowaka. Ndimi za moto huunguza nje na kuacha ndani kubichi, tena hupaka masizi. Mchomaji mwenye busara huwasha kuni zake mapema, akasubiri nusu saa au zaidi, hadi kuni ziwe makaa yaliyofunikwa na majivu meupe membamba. Subira huvuta heri.

Makaa yakiwa tayari, yasukume zaidi upande mmoja, yawe mengi huku na machache kule. Upande wenye makaa mengi ni wa vitu viivavyo upesi. Upande wa pili ni wa vitu vinene vinavyohitaji muda. Kupima joto ni rahisi: weka kiganja chako kiasi cha shubiri moja juu ya makaa. Ukilazimika kuuondoa mkono kabla ya kuhesabu mbili au tatu, joto ni kali. Ukifika tano au sita, joto ni la wastani, nalo ndilo linalofaa mboga nyingi.

Wavu wa chuma safi watosha. Usipopatikana, vijiti vibichi vya mti unaojulikana kuwa hauna sumu, kama mpera, vyafaa kuchomekea vipande. Jani la mgomba nalo ni chombo kikamilifu. Lipitishe juu ya moto hadi lilegee, uweke ndani yake majani ya dodo, kitunguu, nyanya na chumvi kidogo, ulikunje na kulifunga kwa kamba ya mgomba, kisha uliweke juu ya makaa machache kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Wenzetu wa Buganda, walio mabingwa wa kupika luwombo ndani ya majani hayo, hawahitaji kufundishwa jambo hili. Sisi wengine na tujifunze kwao.

Kila mboga na zamu yake

Mahindi mabichi yachomwe bila maganda kwa dakika kumi hadi kumi na tano, yakigeuzwa mara kwa mara; au yachomwe ndani ya maganda yake, ambapo huiva kwa mvuke na kubaki laini. Ndizi za gonja, ambazo kila aliyepita Namawojjolo au Najjembe katika barabara ya Jinja amezila, humenywa na kuwekwa penye joto la wastani kwa dakika kumi na tano au ishirini, hadi ziwe na rangi ya dhahabu. Gonja iliyoiva shambani ni tamu. Ile iliyo mbichi mno hukauka kama ukuni.

Biringanya huchomwa nzima, baada ya kutobolewa kwa ncha ya kisu ili isipasuke. Baada ya dakika ishirini hivi huporomoka yenyewe. Hapo menya ganda lililoungua, uponde nyama yake pamoja na chumvi, limau na karanga. Nyanya chungu, ambazo Waganda huziita entula, hukatwa mbili na kuchomwa dakika kumi. Kitunguu huchomwa na ganda lake kwa karibu nusu saa, mpaka kibonyee, nacho huwa kitamu kupita kiasi. Pilipili hoho kubwa huchomwa hadi ngozi iwe nyeusi, kisha hufunikwa kidogo ili ngozi hiyo itoke kwa urahisi. Bamia huchomekwa kijitini na kuiva kwa dakika saba au nane. Boga hukatwa vipande vya unene wa kidole gumba na kuchomwa dakika ishirini. Kiazi kitamu ndicho chenye subira kuliko vyote: huzikwa katika majivu ya moto kwa dakika arobaini hadi sitini, kikawa tayari wakati wenzake wamekwisha kuliwa.

Mafuta yatumike kidogo tu, kwa kupakwa juu ya mboga na si kumiminwa, maana tone likidondoka makaani huamsha moto na moshi mchungu. Aidha tukumbuke kwamba weusi si alama ya kuiva. Mwezi wa Aprili 2002 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa joto kali hufanya kemikali iitwayo akrilamidi, ambayo haifai kuliwa kwa wingi. Basi ndizi, viazi na mahindi viondolewe vikiwa na rangi ya dhahabu, na sehemu zilizogeuka makaa zikwanguliwe na kutupwa.

Kabla ya yote hayo, mboga zioshwe kwa maji safi. Nyanya nyingi sokoni zina unga mweupe wa dawa ya kuzuia ukungu; unga huo uoshwe na kusuguliwa, wala usitumainie moto kuuondoa. Tena mboga iliyolimwa bondeni penye maji machafu ya viwanda yaweza kuwa na madini ya sumu ambayo hakuna moto unaoyaua. Moto huua vijidudu. Hauwezi kuondoa risasi iliyo ndani ya jani.

Hatari za kuepukwa

La kwanza ni muhogo mchungu. Muhogo mtamu wa kuchoma ni chakula kizuri, lakini ule mchungu una kitu kinachozaa sumu ya sianidi. Kuukwangua, kuuloweka na kuuanika vizuri huiacha sumu itoke. Kuuchoma ukiwa mzima hakutoshi, kwa sababu joto huua kile kimeng'enya ambacho kingeivunja na kuiondoa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, walipooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Sababu ilikuwa muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka. Na mwezi wa Septemba 2017, hapa kwetu wilayani Kasese, watu 98 waliugua na wawili wakafariki kwa unga wa muhogo mchungu. Askari aliye ugenini asichimbe muhogo asioujua. Amwulize mwenyeji, na akionja ladha chungu, autupe. Vivyo hivyo viazi mviringo vilivyogeuka kijani vina sumu ambayo kuchoma hakuiondoi, na uyoga wa porini haufai kuguswa na asiyeujua.

La pili ni hewa ya makaa. Kuchoma ni kazi ya nje, na jiko libaki nje. Nyakati za baridi, hasa huko Kabale au katika miteremko ya Rwenzori, mtu hushawishika kuliingiza jiko la makaa, yaani sigiri, ndani ya hema ili apate joto la kulalia. Makaa yanayofifia hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, kisha haamki. Kikosi chaweza kupoteza watu watatu kwa usiku mmoja bila ya risasi hata moja kulia. Kila mkuu wa seksheni ahakikishe kwamba makaa yamezimwa kwa maji na udongo kabla ya watu kuingia kulala.

La tatu ni ardhi yenyewe. Uganda ilitangaza mwezi wa Desemba 2012 kwamba imemaliza kuondoa mabomu ya kutegwa ardhini katika maeneo yote yaliyojulikana. Hata hivyo, mahali popote palipopiganwa vita huenda pamebaki kombora au bomu lisilolipuka, na moto uliowashwa juu yake waweza kuliamsha. Basi mahali pa moto pachunguzwe kwanza, na kitu chochote cha chuma kilichozikwa kisiguswe bali kiripotiwe. Mawe yaliyotolewa mtoni pia yasizunguke moto, kwani maji yaliyo ndani yake hugeuka mvuke na kuyapasua kwa kishindo.

La nne ni kuni. Mbao zilizopakwa rangi, masanduku yaliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa, matairi na plastiki hutoa moshi wenye sumu unaoshika chakula. Mnyaa, ule mti wa ua wenye utomvu mweupe, huchoma macho. Kuni zilizokauka za mti unaojulikana ndizo bora.

La tano, ambalo askari hapaswi kukumbushwa mara mbili, ni kwamba moto huonekana. Amri ya kamanda kuhusu moto yatangulia mapishi yote. Pale moto uliporuhusiwa lakini wahitaji kufichwa, lipo shimo pacha: chimba shimo la kina na upana wa kama sentimeta 30, kisha upande utokako upepo chimba jingine la mteremko, uyaunganishe kwa njia ya chini kwa chini. Hewa huingia kwa lile la pili, moto huwaka kwa ukali katika la kwanza, moshi hupungua na mwanga hubaki chini ya ardhi. Wavu ukiwekwa juu ya shimo hilo, mboga huiva vizuri kwa kuni chache. Mkiondoka, mashimo yafukiwe.

Mboga ina mwenyewe

Pamoja na hayo yote, lipo neno moja linalopita ufundi wa moto. Mhindi unaoning'inia kando ya njia una mwenyewe. Mama aliyeupanda alilima kwa jembe, akapalilia, akaulinda na nyani, na huenda ndio ada ya shule ya mtoto wake. Askari auvunjaye bila kuomba wala kulipa amechukua mhindi mmoja, lakini ameacha nyuma kijiji kizima kisichotaka tena kumpa habari. Bali yule asimamaye, akatoa salamu, akauliza bei na kulipa, huondoka na mboga na pia na urafiki; na mara nyingi huambiwa bila kuuliza ni njia ipi iliyo salama mbele yake. Katika kazi ya ulinzi, habari hiyo yaweza kuokoa maisha ya kikosi.

Na walio katika kambi na vituo vya kudumu wana njia iliyo bora zaidi. Nyuma ya karibu kila nyumba za askari pana kipande cha ardhi. Matuta machache ya viazi vya rangi ya chungwa, mashina ya nyanya, biringanya na vitunguu, yakinyunyiziwa maji ya kuoshea vyombo, yatatoa mboga ndani ya miezi mitatu hadi mitano. Watoto watakula, na baba au mama akirudi kutoka zamu atakuta kitu cha kuweka juu ya makaa.

Kinga ni bora kuliko tiba, walinena wahenga, na kinga hii haihitaji daktari wala fungu la fedha kutoka makao makuu. Yahitaji moto mdogo, maji safi, saa moja ya mapumziko, na askari anayeujali mwili wake kama anavyoijali bunduki yake. Ndugu askari, mahali ulipo pana soko, na pana mkulima anayekungoja kwa haki. Jioni ya leo, kama amri yaruhusu, nunua nyanya zako, subiri makaa yawe meupe, na mwite mwenzako mle pamoja.